Kikanda Kisicho na Ukoko

Hakuna mhalifu aliyewahi kumtoroka Inspekta Hortense Kabedi hapa mjini Likasi. Waliomtoroka walikuwa na pikipiki. Mmoja alikuwa na baiskeli, lakini palikuwa na mteremko, kwa hiyo huyo hatumhesabu.

Mtu aliyelala mbele yake Jumapili ile asubuhi hakuwa na haraka ya kwenda popote. Alikuwa Alphonse Tshimanga, mzee wa mtaa wa Kikula, zamani karani wa maabara ya mgodi, siku hizi muuzaji wa matone ya mitishamba aliyoyaita "Ujana". Alilala chali, midomo imekauka, macho yameingia ndani kama ya mtu aliyekamuliwa. Ndoo ilikuwa chini ya mkono wake. Suti nyeusi ilining'inia mlangoni, imepigwa pasi tayari, kwa sababu siku ile alikuwa atoe ushuhuda kanisani. Shemasi alikuja kumchukua. Akakuta mzee ameshatangulia, tena mbali kupita kanisa.

"Kipindupindu," alisema brigadia Michée, akirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Michée alikuwa msaidizi wa Hortense na pia jirani yake pekee, maana nyumba ya Hortense ilikuwa ya mwisho kabla ya reli. Aliogopa vitu viwili tu duniani: vijidudu na mama mkwe.

"Kipindupindu gani kinachagua nyumba moja barabara nzima?" Hortense aliuliza. "Maji wanachota wapi?"

"Wote bomba moja, chef."

"Mkewe yuko wapi?"

"Ku hopitali tangu Ijumaa. Yeye na Elie, ule mutoto wa ndugu ya mzee, mwenye kuimba mu kwaya. Wote walitapika. Mzee alikatala kwenda. Alisema eko na dawa yake."

Mezani palikuwa na sahani, na juu yake kipande cha kikanda kilichobaki tangu Alhamisi. Asiyekijua kikanda apewe pole. Ni viazi vidogo vya porini vilivyotwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, magadi na pilipili, vikapikwa mpaka vikawa mkate mzito wa rangi ya udongo, unaokatwa kwa kisu na kuliwa kwa mkono. Walio mbali wakikisikia hucheka jina. Wakikionja huomba kingine.

Hortense alikigeuza kipande kwa ncha ya kalamu. Chini kilikuwa kimeungua kidogo. Juu kilikuwa laini na cheupe kama tumbo la samaki. Akakunja uso kama mtu aliyekuta inzi kwenye mchuzi.

"Michée, tia hiki kwenye mfuko wa vielelezo. Na usilambe kidole."

"Chef, minye?" Michée alijigusa kifua.

"Weye."

Nje makelele yalikuwa yameanza. Ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa Alphonse, ndipo Reine Mujinga alipouza kikanda. Meza yake ilikuwa imepinduliwa, sufuria imo mtaroni. Watu walikuwa wamemzunguka mwanamke yule na neno moja lilikuwa linapita kinywa kwa kinywa: sumu. Mwanamume mmoja alishika tairi kuukuu, na hakuja nalo kulitia kiraka.

Hortense alipita katikati yao kama anaingia jikoni kwake, akamfunga Reine pingu.

"Unanikamata juu ya nini?" Reine aliuliza.

"Juu ya lile tairi," Hortense alimnong'oneza. "Tembea."

*

"Jina?"

"Weye haulijue?"

Hortense akakohoa. "Ni utaratibu. Jina."

"Reine Mujinga."

"Alhamisi, nyumba ya Alphonse, nani alikuja kununua?"

"Elie. Magaribi. Alisema ni vya mzee na mama Angèle."

"Viazi unavitoa wapi?"

"Ba mama ba mu pori wananiletea. Minye mwenyewe ninachagua, kimoja kimoja."

"Kikanda kilichokuwa mezani kimeua mtu."

"Basi Kikula yote ingekufa. Sufuria ilikuwa moja. Toka inje uangalie kama Kikula imekufa."

"Unakipikaje?"

"Kama mama yangu. Moto chini, makaa juu ya kifuniko."

"Siku zote?"

"Bila makaa juu, hakuna ukoko wa juu. Bila ukoko wa juu ni bukari yenye kulala. Minye siuzishe bukari yenye kulala."

Hortense aliandika: hauzi ugali uliolala. Alimwamini. Lakini kuamini hakujazi faili.

"Meza yako inatazama mlango wa Alphonse. Nani walikuwa wanaingia kununua matone yake?"

Reine alimtazama, kichwa kimeinama upande.

"Bantu bengi. Hata bakubwa. Hata bale ba kuvaa miwani ya jua siku ya mawingu."

Hortense akaandika sentensi ndefu ambayo haikuwa na maana yoyote, kisha akasema mahojiano yamekwisha.

Mlangoni Reine aligeuka. "Mama Inspekta. Hata mukiniachilia kesho, nani atakula mukono yangu tena? Sina shamba, sina bwana. Kikanda njo jina yangu."

"Nitakutoa," Hortense alisema. "Wewe na jina lako."

Ilikuwa ahadi kubwa kwa mtu mwenye ushahidi wa kipande kimoja cha chakula cha juzi.

*

Mwendesha mashtaka alikuwa mtu nadhifu, anayependa kesi zinazojifunga zenyewe.

"Kikanda kimeliwa, watatu wametapika, mmoja amekufa. Muuzaji unaye. Unatafuta nini tena?"

"Kile kikanda hakina ukoko wa juu, mheshimiwa. Kilipikwa na mtu mwingine, mwenye haraka."

"Unataka niandike ukoko kwenye hati ya mashtaka?"

"Nataka uandike kwamba uchunguzi unaendelea."

"Wewe mwenyewe umewahi kula kwa huyu mama?"

"Mimi?" Hortense alinyoosha koti lake. "Kabla ya Jumapili sijakanyaga barabara ile."

"Basi unajuaje vya kwake vikoje?"

"Ni kufikiri tu, mheshimiwa."

Mwendesha mashtaka hakufurahishwa na kufikiri. Alitia sahihi, na Reine akapelekwa mahabusu kungoja majibu ya maabara ya Lubumbashi. Na majibu ya maabara husafiri polepole kuliko lori la makaa wakati wa mvua.

*

Hospitalini daktari Ruffin alimpokea ukumbini. Alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala, na alipenda kueleza mambo kwa mikono.

"Si kipindupindu. Nimepima. Kuna kitu kimeyashambulia matumbo yao, lakini nikuambie ni nini? Mashine ya kuhesabu chembe za damu imekufa tangu mwezi uliopita. Hapa ninapima kwa macho."

Angèle, mjane wa Alphonse, hakuweza kusema. Mdomo ulikuwa umejaa vidonda. Alimshika Hortense mkono tu, akaukaza, halafu usingizi ukamchukua.

Elie alikuwa chumba cha wanaume, chupa ya maji ikitiririka mkononi mwake. Kijana mzuri, nywele zimechongwa pembeni kama fenicha mpya. Alizungumza Kiswahili cha mimbarini.

"Ulikula kiasi gani, Elie?"

"Kingi, Mama. Kipande changu, na nusu ya kile cha mama Angèle. Alisema pilipili inamuunguza."

"Ukaanza kutapika lini?"

"Ijumaa alfajiri. Mpaka nyongo."

"Muuguzi alikuona ukitapika?"

"Nilipofika hapa nilikuwa nimekwisha kutapika nyumbani."

"Una bahati."

"Ni neema, Mama. Siyo bahati."

Hortense alitazama ile chupa ya maji, akatazama mashavu ya kijana. Neema ilikuwa imemnenepesha.

*

Alphonse alizikwa. Baada ya maziko Elie alitoka hospitali, na watu wakamwona anapita barabarani na kipara kinachong'aa.

"Maskini, anamulilia mzee," Michée alisema. "Amenyoa ya msiba."

"Kanisa lao linakataza kunyoa ya msiba. Mchungaji anasema ni upagani. Mjane mwenyewe hajanyoa. Sasa mwanakwaya ndiye amerudia mila?"

"Huzuni, chef. Huzuni haina kanisa."

"Pengine," Hortense alisema, lakini jambo lile alilitia mfukoni mwa akili, pale anapoweka vitu ambavyo havijapata pa kukaa.

Wiki iliyofuata daktari Ruffin alimpigia simu. Alimwambia aje mara moja.

Angèle alikuwa ameketi kitandani. Mto wake ulikuwa mweusi kwa nywele. Alipopitisha kiganja kichwani, kiganja kilirudi kimejaa. Nyusi nazo zilikuwa zinakwenda. Alizitazama nywele zile kama vitu vya mtu mwingine alivyoombwa kuvitunza.

Daktari alimvuta Hortense ukumbini, mikono tayari hewani.

"Sasa ninajua. Sikiliza. Mwili unajijenga kila siku. Chembe moja inagawanyika, zinakuwa mbili. Ili igawanyike, ndani yake inasokota kamba nyembamba za kuvuta mzigo, nusu huku, nusu kule. Kuna mimea yenye kitu kinachozuia kamba hizo zisisokotwe. Chembe inakwama katikati, haiendi wala hairudi. Inakufa."

"Zote?"

"Zenye kazi nyingi kwanza. Za utumbo, ndiyo maana walitapika. Za damu. Halafu za mizizi ya nywele. Nywele zinachelewa, wiki moja, mbili, kisha zinaanguka kama majani. Nilikuwa nimesoma tu. Sikuwahi kuona."

"Ni mmea gani?"

"Kwa dalili hizi, kitu kinaitwa kolkisini. Kimo kwenye kiazi cha lile ua jekundu lenye kingo za njano, linalotambaa porini wakati wa mvua. Linafanana na ndimi za moto."

"Nimeliona," Hortense alisema polepole. "Liko nyuma ya nyumba ya Alphonse. Limepandwa kwa mstari."

"Basi matone yake yalitoka huko."

"Lakini aliyauza kuzuia saratani. Na uzee."

Ruffin alicheka bila furaha. "Ninaelewa alivyowaza. Saratani ni chembe zinazogawanyika bila breki. Uzee, alidhani, ni chembe zilizogawanyika mpaka zikachoka. Kwa hiyo zizuie zisigawanyike, umezuia vyote viwili. Ni wazo zuri kama gari zuri lisilo na usukani. Dawa za kweli za saratani zinazotoka kwenye mimea zipo, na baadhi zinazishika kamba hizo hizo. Lakini zinapimwa, damu inaangaliwa, mgonjwa analindwa. Matone ya mzee hayajui ipi ni chembe ya saratani na ipi ni ya unywele. Yanasimamisha tu."

"Na uzee?"

"Mfu hazeeki. Hapo hakusema uongo."

Hortense alitazama dirishani. "Nani anaweza kununua kitu kama hicho?"

"Niambie wewe. Ndiwe mpelelezi."

"Mtu ambaye mama yake alikufa kwa saratani ya titi," alisema, kisha akaongeza haraka, "kwa mfano. Na mtu akionja kidogo tu, tone moja moja?"

"Inategemea na tone. Kwa nini?"

"Kwa ajili ya faili."

Jioni ile, nyumbani, Inspekta Hortense alichana nywele zake taratibu na kukitazama kitana zaidi ya kawaida.

*

Angèle alipoweza kusema, alisema vizuri.

"Alphonse hakuwa mwizi, Mama Hortense. Yeye mwenyewe aliamini. Matone yake yalikuwa meupe kama maji ya mchele, alipima moja moja, kwa kuogopa kuzidisha. Elie njo aliyapeleka mji wa Kakanda kuuzisha. Wiki ile ya kifo mzee alirudi kutoka Kakanda amenyamaza. Akasema: dawa imeua muntu. Jumapili nitasimama mbele ya kanisa, nitasema jina la dawa na jina la ule aliyeifanya nzito."

"Aliyasema hayo mbele ya nani?"

"Tulikuwa mezani. Mimi na Elie."

"Elie alijibu nini?"

"Alisema, ni vizuri, papa, ukweli utatuweka huru." Angèle alifunga macho. "Kesho yake akatuletea kikanda."

Nyuma ya nyumba Hortense aliyakuta maua. Mashina mawili yaling'olewa karibuni, udongo haujashikana. Lakini chungu cha Alphonse cha kutengenezea matone kilikuwa kikavu, na buibui amekwisha kuhamia.

Siku ileile akapanda nyuma ya pikipiki ya polisi, Michée akiendesha, wakaenda Kakanda. Vumbi la malori ya madini liliwageuza wote wawili rangi moja. Huko wakamkuta binti wa Mama Estelle, mjane mzee aliyezikwa mwezi ule.

"Matone mama alipewa na nani?"

"Ya Elie."

"Meupe?"

"Hapana. Mazito, meusi kama asali. Mama alikuwa analalamika kwamba yale meupe hasikie kitu. Elie akasema atamutengenezea ya nguvu, yeye mwenyewe."

"Halafu?"

"Akatapika. Tukazania ni tumbo tu. Halafu nywele zote zikaanguka. Tukamuita Elie, akakuja, akaziona mu mto kwa macho yake."

"Akasema nini?"

Binti alitazama chini. "Akasema njo uzee unatoka."

Njiani kurudi, walipoona minara ya umeme ya Likasi, Hortense alimgonga Michée begani.

"Michée. Mtu ananyoa kichwa kwa sababu gani?"

"Msiba, chef. Chawa. Mapenzi."

"Ongeza moja. Kuficha kwamba nywele zake zinakataa kuanguka."

*

Elie alikamatwa kwa kosa dogo, kuuza dawa bila kibali. Alitabasamu walipompeleka kasho, mahabusu ndogo ya kituoni. Kosa lile lilikuwa la faini.

"Naomba wembe, Mama," alisema jioni. "Mtu wa Mungu huwa nadhifu."

"Wembe hauingii kasho. Ni sheria."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alimletea mkate na chai. Alimletea asubuhi, akamletea mchana, kila mara akimtazama kichwani. Elie alidhani ni huruma. Sheria ilimpa Hortense siku mbili tu za kumshikilia, na daktari Ruffin alikuwa amemhakikishia kwamba siku mbili zinamtosha kijana mwenye afya.

Siku ya pili mchana alimwita ofisini. Daktari alikaa pembeni. Michée alisimama mlangoni. Juu ya meza palikuwa na kioo kidogo cha mkono, na hakuna kingine.

"Elie, Alhamisi ile ulikula kikanda?"

"Nilikwisha kusema, Mama. Nilikula."

"Kingi kuliko mama Angèle?"

"Mara tatu yake."

"Unaapa?"

"Mbele za Mungu."

"Andika, Michée. Ameapa." Hortense akafungua mlango wa pili.

Angèle aliingia taratibu, akiegemea ukuta. Hakusalimu. Alivua kitambaa kichwani, akakishika mkononi. Palikuwa hapana unywele. Palikuwa hapana nyusi wala kope. Elie alitazama pembeni.

"Mtazame," Hortense alisema. "Huyu alikula nusu ya kipande. Wewe ulikula chako na nusu yake. Sasa gusa kichwa chako."

Hakugusa.

"Gusa."

Mkono ulipanda polepole, ukagusa, ukasimama.

"Kinakwaruza, siyo? Kama msasa. Kidevu nacho. Chukua kioo ujione. Hizo ni chembe zako, Elie, zinagawanyika usiku na mchana, zina afya, zina furaha. Hazijakutana na kile kikanda hata kwa salamu."

"Kila mwili ni tofauti," Elie alisema.

"Dokta?"

"Siyo tofauti hivyo," daktari Ruffin alisema.

"Nilinyoa kwa sababu ya msiba."

"Kanisa lenu linakataza."

"Nilihuzunika. Nilisahau."

"Ulinyoa kabla unywele mmoja wa mama Angèle haujaanguka. Daktari alikuwa hajajua. Mimi nilikuwa sijajua. Likasi nzima palikuwa na mtu mmoja anayejua kwamba mlaji wa kitu kile nywele zitamtoka, na kwamba asiyekula itambidi afiche zake. Ni yule aliyeziona kwenye mto wa Mama Estelle, kule Kakanda."

Kiswahili cha mimbarini kilimwisha. Elie alikiweka kioo chini, uso wa kioo ukitazama meza.

"Papa Alphonse alikuwa anapima tone, tone," alisema. "Bantu walinicheka. Walisema hii ni maji. Muntu anataka dawa imuume kidogo, njo anaamini. Nikatengeneza ya nguvu. Sikutaka ule mama afe."

"Na mzee ulitaka afe?"

"Angesimama Jumapili. Angesema jina yangu mbele ya kanisa yote. Kakanda wangesikia siku ileile." Akamgeukia Hortense. "Mama, lile tairi uliona kwa Reine, lilikuwa langu, la kunichoma. Nilikuwa nalisikia harufu kila nikilala."

"Ukamsukumia mwanamke mwenye meza."

Elie alikisukuma kioo mbali kwa kidole.

"Na mama Angèle? Amekulea. Alikukosea nini?"

"Alisikia pia," Elie alisema, sauti ndogo sana. "Alikuwa mezani."

Angèle alikifunga tena kitambaa chake kichwani, fundo moja, kwa uangalifu. Kisha akatoka, na mlango akauacha wazi.

"Vipande vya Reine ulivipeleka wapi?" Hortense aliuliza.

"Nilivitupa mu choo."

"Vyote?"

"Kimoja nilikula. Kilikuwa kitamu."

"Na chako ulikipika kwa viazi vya lile ua, bila makaa juu ya kifuniko."

"Nilikuwa na haraka. Nani huyo angeangalia ukoko?"

Hortense alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Mimi," alisema.

*

Mwendesha mashtaka alitia sahihi ya pili, na hakupenda kuulizwa kuhusu ile ya kwanza. Hortense alikwenda mwenyewe kumtoa Reine. Hakumpandisha gari. Walitembea kwa miguu katikati ya Kikula, mchana kweupe, bila pingu, na kila walipopita penye watu Hortense alisimama akasema kwa sauti ya kutangaza mnada: "Siyo huyu. Ni Elie. Amekiri."

Watu walisema ndiyo, ndiyo. Kusema hakugharimu.

Jumamosi Reine alirudisha meza yake pale pale. Moto chini, makaa juu ya kifuniko. Harufu ilifika mpaka kona ya soko. Watu walikuja wakasimama ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, kama wanaongojea gari. Hakuna aliyevuka. Reine alikata kikanda, akakipanga, akafukuza inzi. Inzi ndio waliokuwa wateja wa kwanza.

Hortense alivuka. Alikuwa amemwalika daktari Ruffin, na Michée, ambaye hahitaji mwaliko penye chakula.

"Nipe cha pembeni," alisema kwa sauti ya kusikika. "Chenye ukoko."

Akala. Ng'ambo watu walimtazama koo.

"Polisi anaweza kula siku moja," mwanamume mmoja alisema. "Labda ametumwa. Sisi tunakula kila siku."

Wengine wakaitikia. Reine aliweka kisu mezani.

"Mama Inspekta, ulisema utanitoa minye na jina yangu. Jina bado liko kule kwa mtaro. Baambie."

"Niwaambie nini?"

"Kama hii siyo mara ya kwanza unakula kwangu."

Hortense akafuta mdomo. "Ni mara ya kwanza. Kabla ya ile Jumapili sijakanyaga barabara hii. Hata mwendesha mashtaka anajua."

"Ah," Reine alisema, akageukia ng'ambo, mikono kiunoni. "Basi nani ule mama wa miwani ya jua, siku ya mawingu, alikuwa anatoka ku mulango wa Alphonse, anavuka anakuja hapa, anaomba pembe ya ukoko, pembe tu, anakula akiangalia ukuta ili bantu basimuone? Kila wiki. Na hakukufa. Muangalie, anazidi kunenepa."

Vichwa vyote viligeuka kwa Inspekta. Kisha mama mmoja ng'ambo akasema, "Hata minye nilimuonaka. Nikasema, ule mama kwa nyuma ni kama Inspekta." Kicheko kilianzia hapo, kikaenea barabara nzima, na kicheko kina miguu mirefu kuliko woga. Yule mama alivuka na sahani. Nyuma yake akavuka mwanamume aliyesema polisi ametumwa. Reine alikata haraka haraka, hana nafasi ya kuinua macho, na watu wakaanza kugombea vipande vya pembeni.

Daktari Ruffin hakuwa anacheka. Alisogea karibu na Hortense.

"Kutoka mlango wa Alphonse? Ulinunua matone? Yako wapi? Umekunywa?"

"Mimi?" Hortense alisema, na mkono wake, bila kuulizwa, ukapanda kushika nywele. "Kuna chupa moja, ndiyo, imo kabatini, haijafunguliwa. Vizuri basi, imefunguliwa kidogo. Lakini siyo yangu. Nilimnunulia jirani."

Michée alimeza kikanda chake kwanza, maana alilelewa vizuri.

"Chef," alisema, "jirani njo minye."